Pumu inatibiwa siku ambayo kifua kimetulia

Nina pumu tangu utotoni, na riziki yangu naipata kwa kuuza nguo za watoto za mitumba soko la Memorial, hapa Moshi. Wanaonifahamu hushangaa mambo hayo mawili yanakaaje kwa mtu mmoja. Belo likikatwa mikanda, zile nguo zilizoshindiliwa kwa mashine huko zilikotoka hufumuka kwa mpigo, na vumbi lake huruka pamoja na ile harufu ya mitumba ambayo kila mtu anaijua. Wanunuzi wanakuwa wameshazunguka, kila mmoja anataka kuwahi kamera, yaani zile nguo bora kuliko zote. Mimi nasimama upande upepo unakotokea, barakoa usoni, namwachia binti anayenisaidia afumue kwanza. Nikisogea, vumbi limeshatua.

Naishi vizuri na pumu yangu kwa miaka mingi sasa. Ninachotaka kukisema kinahusu watu ninaokutana nao sokoni kila mara: ana pampu ya bluu kwenye pochi, anaipuliza asubuhi, anaipuliza jioni, usiku anaamka anaipuliza tena, na anaamini hayo ndiyo matibabu. Kwa nilivyoona, jambo hili linaumiza wenye pumu kuliko vumbi lenyewe.

Nililelewa Old Moshi kwa bibi mzaa mama. Jiko lake lilikuwa kibanda cha pekee, mafiga matatu, kuni mbichi miezi ya mvua, moshi mpaka macho yanatoka machozi. Juni na Julai ukungu unashuka migombani na baridi inaingia mpaka kwenye blanketi. Saa tisa usiku kifua kinaanza kulia. Bibi ananikalisha, ananiegemeza kifuani kwake, ananipa chai ya tangawizi na asali. Chai ile ilinipa joto na faraja, na sioni ubaya mtu kuinywa mpaka leo, ila haifungui mirija ya hewa. Asubuhi nakwenda shule kama vile hakuna kilichotokea, na nyumbani wote tunasema pumu imeondoka.

Nilipokuwa mkubwa, kikohozi kilipozidi, zahanati walinipima makohozi kwanza. Walifanya sawa. Mkoa huu tunaijua TB. Kule Siha hospitali ya Kibong'oto imekuwa ikiwatibu wagonjwa wake tangu 1926, na mtu akikohoa wiki mbili au zaidi lazima apimwe. Tatizo linakuja majibu yakisema huna TB, kisha ukapewa antibiotiki na dawa ya kikohozi ya maji ukarudi nyumbani. Hapo ndipo pa kuuliza swali la pili. TB inakukondesha, inakupa homa za jioni na jasho la usiku, pengine na damu kwenye makohozi, na haikupi mapumziko. Pumu inakuja na kuondoka. Inapenda usiku wa manane na alfajiri, inaamshwa na baridi, mafua, moshi, kukimbia, hata kucheka sana, na kifua kinapiga mluzi wakati wa kutoa pumzi. Mtu anaweza kuwa nayo bila mluzi kusikika, akabaki na kikohozi kikavu cha usiku na kifua kilichobana tu.

Hospitali kubwa kama KCMC wana kipimo cha kupuliza. Unavuta hewa mpaka mwisho, unapuliza kwa nguvu zako zote kwenye bomba, mashine inaandika. Halafu unapewa dawa ya kufungua kifua, unasubiri kama robo saa, unapuliza tena. Kwa mtu mzima, hewa ikiongezeka kwa asilimia 12 na zaidi, na kwa zaidi ya mililita 200, ni dalili kubwa kwamba ni pumu. Nakumbuka daktari alivyonigeuzia karatasi niione: mistari miwili, wa pili umepanda juu ya wa kwanza. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu ukawa na sura.

Lakini aliyenielewesha ni muuguzi wa kliniki ya kifua, mama mtu mzima wa huku huku mlimani. Aliniuliza habari za mfongo, ule mfereji wa Wachaga wa kumwagilia mashamba: "Mwanangu, kwenu mlikuwa na mfongo?"

"Ndiyo, mama. Unapita chini ya kihamba cha bibi."

"Mnausafisha lini?"

Nikamjibu kila mtu anajua, unasafishwa kabla ya msimu wa kumwagilia. Ukingoja mahindi yanyauke umechelewa.

Akachukua karatasi akachora mrija wa hewa. Kwa mwenye pumu, akasema, ukuta wa mrija kwa ndani umevimba na kuwa mwekundu muda wote, hata siku huumwi. Huo ndio mfongo uliojaa tope. Kikija kitu cha kuuchokoza, vumbi au mafua, misuli inayouzunguka inabana, na makohozi mazito yanaziba pale palipobaki. Pampu ya bluu, salbutamol, inalegeza misuli tu. Inafanya kazi ndani ya dakika chache, inadumu saa nne mpaka sita, kisha inaisha. Tope imeliacha. Dawa ya kuondoa uvimbe ni nyingine, ya jamii ya steroidi, inavutwa kwa kiasi kidogo sana kila siku. Mimi nilipewa beclomethasone. Hiyo haikupi nafuu ya papo hapo. Inajenga taratibu kwa siku na wiki, ndiyo maana wengi wanaijaribu kidogo, wanasema haifanyi kazi, wanarudi kwenye bluu. Mwanzoni hata mimi sikuhisi tofauti yoyote. Halafu nikaanza kulala mpaka asubuhi.

Rangi zinasaidia kukumbuka, lakini msizitegemee sana, kwa sababu watengenezaji ni wengi na kila mmoja ana yake. Soma jina la dawa.

Kuna takwimu moja ambayo huwa nawaambia wenzangu. Uingereza walichunguza vifo vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Kati ya marehemu 165 ambao idadi ya pampu zao za kutuliza ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufa. Hao ni watu waliokuwa na dawa mkononi. Kila walipobanwa walipata nafuu, na ile nafuu ikaficha uvimbe uliokuwa ukiendelea. Mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa bluu peke yake. Awe na dawa ya steroidi ya kuvuta kwa namna moja au nyingine. Miongozo yao inasema pampu tatu za bluu au zaidi kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari. Kwa hiyo mtu akiniambia ana pumu, simuulizi anabanwa mara ngapi. Namuuliza pampu ya mwisho alinunua lini, na ile ya kabla yake lini.

Najua kikwazo. Zahanati nyingi dawa ya kuzuia, yaani hiyo ya steroidi, haipo, na famasi bei yake inauma. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 455,000 walikufa kwa pumu mwaka 2019, na vifo vingi vinatokea nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini kama yetu, mahali ambapo dawa hii haiwafikii watu. Inaniuma kweli, kwa sababu ni dawa ya zamani, inajulikana, na ingeweza kuwa kwenye kila zahanati kama ilivyo dawa ya malaria. Mimi nimeiweka kundi moja na ushuru wa meza: inatoka kwenye mauzo kabla ya kitu kingine. Ukiwa na bima, uliza kama imo. Kama haimo kituo hicho, omba rufaa, usiondoke kimya.

Bei pia ndiyo inayowapeleka watu kwenye vidonge vya salbutamol. Ni rahisi, duka la dawa la mtaani vipo, na wengi wanaogopa pampu kwa maneno ya mtaani kwamba "inazoesha," kwamba ukianza huachi mpaka kaburini. Fanyeni hesabu hii. Pulizo moja la pampu lina mikrogramu 100. Kidonge cha miligramu nne kina mikrogramu 4,000, yaani dawa ya mapulizo 40, na yote inapitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kwenye kifua. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Pampu inapeleka kidogo, na inapeleka pale pale panapouma. Haizoeshi. Mtu anaitumia miaka kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa miaka.

Ila ifike kwenye mapafu. Nimeona watu wanaipuliza ulimini kama wanapulizia marashi, dawa inagonga koo, wanaimeza. Tikisa kwanza. Kama ni mpya au imekaa muda bila kutumika, puliza hewani mara chache. Toa pumzi yote. Zungushia midomo ibane vizuri, anza kuvuta hewa polepole, na hapo hapo ubonyeze, uendelee kuvuta mpaka mwisho. Funga mdomo, zuia pumzi mpaka uhesabu kumi, ndipo utoe. Pulizo la pili lisubiri kama nusu dakika hivi. Ukimaliza ile ya steroidi, sukutua mdomo kwa maji na uyateme, la sivyo utaota utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti itakwaruza.

Kwa mtoto, na hata kwa mtu mzima aliyebanwa, ni vigumu kupatanisha kubonyeza na kuvuta. Hapo kinatakiwa chemba kati ya pampu na mdomo, wanakiita spesa. Ukikikosa dukani, chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Sikujitungia hilo. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliwajaribu watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha matokeo kwenye jarida la Lancet mwaka 1999: chupa ya mililita 500 iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuzunguka pampu ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki ndicho kilichoshindwa. Ya mwanangu nilitengeneza kwa kupasha waya moto na kuukunja kwa umbo la mdomo wa pampu, nikatoboa kitako, nikaingiza pampu na kuziba pembeni kwa gundi. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anahema humo mara tano hivi, ndipo unabonyeza tena. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana ukiisugua kwa kitambaa plastiki inapata umeme na dawa inanata kwenye kuta zake.

Chupa ile ndiyo niliyokwenda nayo shuleni. Mwalimu wa michezo alikuwa akimkalisha mwanangu kando kila wenzake wanapokimbia, kwa nia njema kabisa. Aliniambia, "Mama, naogopa mtoto wa watu asije akanizimikia uwanjani."

"Nakuelewa, mwalimu. Ngoja nikuoneshe tunavyofanya nyumbani."

Nikamwonesha: mapulizo mawili ya bluu robo saa kabla ya mazoezi, kisha aanze kwa kutembea, ajikunje, akimbie taratibu, ndipo aongeze. Mwalimu akajaribu kubonyeza mwenyewe mpaka akapatia. Nikamtajia Paula Radcliffe, Mwingereza mwenye pumu tangu ujana wake, aliyekimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu mpaka 2019. Kwenye mji ambao kila mwaka barabara zinafungwa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, hoja hiyo ilieleweka haraka. Mapafu ya mwenye pumu yanahitaji mazoezi kama ya mwingine yeyote. Mtoto akishindwa kukimbia kila siku, dawa yake ya kuzuia ndiyo ya kuangaliwa.

Sokoni nako nimeona pumu ikifikia pabaya. Ilikuwa Januari, jua kali, upepo wa vumbi, na dada mmoja anayeuza viatu karibu yangu akabanwa. Nilipofika walikuwa wameshamlaza kwenye turubai, mmoja anampepea, mwingine ameshika ndoo anataka kummwagia maji. Nikawaomba wamwinue. Aliyebanwa halazwi. Tukamkalisha kwenye kigoda, viwiko juu ya meza, ameinama mbele kidogo, kitenge tukakilegeza. Nikamuuliza pampu iko wapi. "Iko," akavuta hewa, mabega yakapanda, "kwenye," akavuta tena. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi fupi kwa pumzi moja ni wa hospitali hapo hapo. Dalili nyingine ni midomo kugeuka rangi, ngozi kati ya mbavu kuvutika ndani, kuchanganyikiwa, au pampu kukosa kusaidia. Na kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, msishangilie. Hewa imekuwa ndogo mno, hata mluzi haitoi tena.

Tulimpa mapulizo manne kupitia chupa, moja moja, huku kijana mmoja akiita bajaji. Njiani, zilipopita dakika ishirini hivi, nikarudia manne mengine. Hospitali wakampa oksijeni, nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, na vidonge vya steroidi.

Baada ya siku chache alirudi mezani kwake, na vidonge alivyopewa hospitali vikaisha, na kifua kikatulia. Karatasi ya kurudi kliniki ilikuwa bado kwenye pochi. Nilimwambia, "Dada, hiyo ndiyo dawa yenyewe sasa. Twende wote." Tulifunga meza mapema tukaenda. Leo ana ya kuzuia, na ya bluu imekaa mpaka anaitikisa kuangalia kama bado ina kitu. Kutikisa nako hakusemi kweli, kwa sababu gesi inaweza kubaki wakati dawa imeisha. Kopo moja kwa kawaida lina mapulizo 200. Lisilo na kihesabio, andika tarehe uliyoanza kulitumia.

Nyumbani nimebadilisha machache yanayowezekana. Nguo za biashara hazilali chumbani. Zinazobaki kwa ajili ya mwanangu zinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kwa sababu wale wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho hawaviwezi vyote viwili. Mito na magodoro navyo jua linavihusu. Dawa ya mbu ya kuchoma nimeiacha, tunatumia chandarua. Jiko la mkaa linawashwa nje, na kamwe haliingii ndani kuota moto Julai, maana gesi yake inaua hata wasio na pumu. Udi na marashi makali nimewaomba mashoga zangu waniwie radhi. Na dawa za maumivu nauliza kwanza: aspirini na jamii ya ibuprofen zinawabana baadhi ya wenye pumu, na propranolol, dawa ya presha, mwenye pumu asiimeze kabla daktari hajaambiwa.

Desemba tunapanda mlimani kama Wachaga wote. Dawa nanunua mapema, zinatosha mpaka tushuke, kwa sababu siku za sikukuu ukiishiwa kule juu huna pa kukimbilia upesi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mama mkwe wangu tayari ana mtungi wa gesi wa chai na uji. Makande, kiburu na nyama ya Krismasi bado ni kuni, na kwa hilo sibishani naye. Wanawe walichanga wakamjengea jiko lenye madirisha pande mbili na bomba la kutolea moshi, naye mwenyewe anasema kikohozi chake cha asubuhi kimepungua. Mimi na mwanangu tunamenyea ndizi nje, chini ya mparachichi. Pampu ya asubuhi na ya jioni tunapuliza kule kule, sikukuu ikiwemo, na siku hizi mama mkwe ndiye anayeuliza kutoka jikoni, "Nyie, mmeshasukutua?"